Barua za Kundi ni za Nani, na Nani Anaweza Kuziweka Wazi?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha waongoza watalii mjini Moshi. Kwa miaka mingi wanachama wetu wamekuwa wakiandikiana kupitia anwani moja ya barua pepe, ambapo anachoandika mmoja humfikia kila mwanachama: hali ya njia za mlimani, maji, hali ya hewa, wageni waliougua, picha, hata mashairi. Sasa kamati inataka barua zote ziwekwe kwenye tovuti ili vijana wanaoingia kazini wajifunze, na kampuni moja imeomba kununua mkusanyo mzima. Mwanachama mmoja aliyejitoa anadai zake zifutwe, na wengine wawili wamekwisha kufariki. Je, mwenye mali ni chama? Tunaruhusiwa kufanya nini?

JIBU: Ndugu Katibu, nashukuru kwa swali lako, na nimefurahi kwamba limeulizwa kabla ya barua kuwekwa wazi.

Chama si mwenye hakimiliki ya barua hizo, isipokuwa chache nitakazozitaja baadaye. Kila barua ni ya aliyeiandika. Hata hivyo kuzihifadhi hakuhitaji umiliki, na hapo ndipo kamati yenu inachanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha: kuwa na nakala, na kuwa na haki ya kuitangaza nakala hiyo kwa umma. La kwanza mnalo tayari. La pili hamna, ila mnaweza kulipata kwa kuomba.

Sheria inayotawala jambo hili kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, iliyotungwa mwaka 1999. Inalinda vitabu, vijitabu na maandishi mengine ambayo ni zao la ubunifu wa mwandishi mwenyewe, wala haijali kama maandishi hayo yalitungwa kwa nia ya kuuzwa au yalitungwa usiku wa manane kwenye simu iliyobakiwa na chaji kidogo. Haidai pia kwamba kazi isajiliwe ndipo ilindwe. Wengi wanadhani kwamba asiyekwenda COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hana haki. Ukweli ni kwamba usajili humsaidia mtu kuthibitisha haki yake siku ya ugomvi, lakini haki yenyewe huzaliwa maandishi yanapoandikwa. Kanuni hiyo inatoka katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994. Kwa hiyo kama miongoni mwa wanachama wenu yumo raia wa Ujerumani au Kenya, barua zake zinalindwa hapa kama za mzaliwa wa Marangu.

Sharti la ubunifu nalo lina maana yake. Barua isemayo «Nimepokea, asante» haifiki kiwango hicho, na sidhani kama kuna mahakama itakayopoteza muda juu yake. Lakini mwanachama akieleza kwa aya nne jinsi alivyomshusha mgeni kutoka kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, usiku wa mvua, akachagua cha kusema na namna ya kukisema, huyo ametunga kazi, hata kama tahajia yake imepinda.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba barua ikishapokelewa huwa mali ya mpokeaji. Hoja hiyo ina umri wa karibu miaka 300, na ilikwisha kujibiwa. Mwaka 1741 mshairi Mwingereza Alexander Pope alimfikisha mahakamani mwuza vitabu Edmund Curll, ambaye alikuwa amechapisha barua za Pope bila ruhusa. Jaji, Lord Hardwicke, aliamua kwamba mpokeaji wa barua anamiliki karatasi, lakini kupokea karatasi hakumpi yeye wala mtu mwingine ruhusa ya kuichapishia dunia. Katika uamuzi huo huo kuna upande wa pili ambao watu huusahau: zuio lilibaki kwa barua alizoziandika Pope mwenyewe tu, si kwa zile alizoandikiwa na marafiki zake. Hizo hazikuwa zake kuzidai. Maamuzi ya mahakama za Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila husikilizwa kwa heshima, na sheria yetu ya leo imejengwa juu ya msingi huo huo.

Msingi wenyewe bado una nguvu. Mwezi Februari 2019 gazeti la Mail on Sunday lilichapisha sehemu za barua ambayo Meghan, mke wa Mwanamfalme Harry, alikuwa amemwandikia baba yake. Baba mwenyewe ndiye aliyeitoa barua ile gazetini, na karatasi ilikuwa yake. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba gazeti lilikuwa limevunja faragha ya mwandishi na hakimiliki yake, na mwezi Desemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Kwa hiyo mwanachama wenu anapotuma barua kwa anwani ya kundi, anatoa nini hasa? Kwa maoni yangu anatoa ruhusa isiyotamkwa, ambayo mipaka yake ni ile ambayo mtu wa kawaida katika nafasi yake angeitarajia. Anajua kwamba wenzake wataisoma, wataitunza, wataijibu huku wakinukuu maneno yake, na kwamba mwanachama mpya anaweza kuonyeshwa barua za zamani ili asiulize jambo lililokwisha kujibiwa. Hayo yote yamo. Kuiweka mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuikuta kwa kutafuta jina la mwandishi, hilo halimo, isipokuwa kama siku anajiunga aliambiwa waziwazi kwamba barua zote zitakuwa wazi. Nakuomba uitafute fomu ya kujiunga mliyokuwa mkiitumia na usome ilisema nini. Kama haikusema kitu, jibu ni kwamba hamkuruhusiwa.

Tuje kwenye hifadhi yenyewe. Kutunza nakala kamili ya barua zote kwa matumizi ya wanachama, katika diski iliyofungiwa ofisini Moshi na nakala nyingine nje ya jengo hilo, tuseme Arusha, ni jambo ninalolishauri bila kusita. Tunzeni barua pamoja na vichwa vyake, yaani nani aliandika, lini, na alikuwa anamjibu nani, kwa sababu barua iliyotenganishwa na tarehe yake ina thamani ndogo kama ushahidi na hata kama historia. Msizirekebishe. Kama kuna sehemu inayopaswa kufichwa, ifichwe kwenye nakala ya kusomwa, na ile ya asili ibaki kama ilivyotumwa.

Sheria yetu imeweka pia nafuu kwa maktaba za umma, vituo vya nyaraka visivyo vya biashara na taasisi za elimu kunakili kazi kwa kiasi kinachohitajika kwa shughuli zao. Watu wa vyama huipenda sana nafuu hiyo, lakini mimi siamini kwamba ofisi ya chama cha wanataaluma inaingia humo moja kwa moja, na hata ingeingia, nafuu ya kunakili si ruhusa ya kutangaza. Mfano mzuri ni wa mwandishi Mmarekani J. D. Salinger. Watu aliowaandikia walikuwa wamezikabidhi barua zake kwa maktaba za vyuo vikuu, na watafiti waliruhusiwa kuzisoma. Mwandishi mmoja wa wasifu alipotaka kuzitumia katika kitabu chake, mahakama ya rufani ya shirikisho mjini New York ilimzuia mwaka 1987, hata pale alipokuwa amezizungusha maneno badala ya kuzinukuu neno kwa neno. Maktaba haikuwa na kosa la kuzitunza.

Hapa karibu nasi, Lakilaki nje kidogo ya mji wa Arusha, zinatunzwa kumbukumbu za iliyokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2015. Nyaraka za wazi zinasomwa na umma. Zile zinazoweza kumtambulisha shahidi aliyelindwa hazifunguliwi. Uzito wa mambo yale na wa barua zenu haulingani hata kidogo, lakini utaratibu ni ule mnaouhitaji: hifadhi moja, milango zaidi ya mmoja.

Maana hakimiliki, Ndugu Katibu, si kikwazo chenu kikubwa. Kikwazo kikubwa ni wageni waliougua.

Waongoza watalii huandikiana mambo ambayo daktari asingethubutu kuyaandika kwenye ukuta wa zahanati. Mgeni fulani, wa nchi fulani, mwenye umri fulani, alianza kutapika kambi ya Shira, akachanganyikiwa kambi ya Barranco, akakiri kwamba ana ugonjwa wa moyo aliouficha kwenye fomu. Kwa mwongozaji kijana hilo ni somo la thamani kubwa. Kwa sheria ni taarifa ya afya ya mtu anayetambulika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitumie kwa lengo lililokusudiwa. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi. Mgeni yule hakuandika barua, hana hakimiliki hata ya herufi moja, na pengine hajui kwamba barua hiyo ipo. Hata mwandishi akiwapa idhini yote duniani, idhini hiyo haimfungi mgonjwa. Hali ni hiyo hiyo kwa mpagazi aliyetajwa kwa jina kuwa alilewa kazini, na kwa mwajiri aliyedaiwa kutolipa posho. Katika hili la mwisho mnaongeza hatari ya kushtakiwa kwa kashfa, kwa kuwa anayerudia tuhuma na kuitangaza hawezi kujitetea kwa kusema kwamba aliyeianzisha ni mwingine.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kabisa pendekezo la kuweka barua zote kwenye tovuti, hata mkipata sahihi za wanachama wote. Mtu mmoja mwenye busara itabidi azisome kwanza, na kazi hiyo hakuna mashine ya kuifanya vizuri.

Sasa zile barua ambazo hadhi yake ni tofauti. Matangazo uliyoyaandika wewe kama katibu mwajiriwa, katika kutekeleza kazi uliyoajiriwa kuifanya, kwa kawaida ni ya chama, kama mkataba wako hausemi vinginevyo. Taarifa ambazo mwanachama aliziandika kama mwajiriwa wa kampuni ya utalii kisha akazituma pia kwenye kundi zinaweza kuwa za kampuni hiyo, na hapo idhini ya mwanachama peke yake haitoshi. Makala ya gazeti iliyobandikwa nzima ni ya gazeti. Aliyeituma hakuwa na cha kuwapa. Picha ni ya aliyeipiga, si ya aliye ndani yake, ingawa aliye ndani ana faragha yake, na nadhani nusu ya picha zenu za kileleni zilipigwa na wageni. Mashairi ni ya walioyatunga, nanyi mnawajua. Barua iliyojaa nukuu za barua za wengine ina wenye haki wengi ndani yake, lakini nukuu fupi yenye kutaja jina la mwandishi haina shida, kwa kuwa sheria inaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutangazwa kihalali kwa kiasi kinacholingana na lengo.

Kuhusu wanachama wawili waliofariki, hakimiliki haikufa nao. Inadumu kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo barua za aliyefariki mwaka 2016 zinalindwa hadi mwaka 2066. Haki hiyo ni sehemu ya mirathi kama shamba na nyumba, na anayepaswa kuombwa idhini ni msimamizi wa mirathi au warithi wenyewe. Nawashauri msiende na karatasi ya kusainiwa siku ya kwanza. Chapeni barua za marehemu, wapelekeeni familia wazisome, kisha rudini. Mara nyingi familia hufurahi kuona kwamba kazi ya baba yao inakumbukwa, na mara chache hukutana na jambo ambalo wangependa libaki nyumbani. Katika hali zote mbili mtakuwa mmetenda kwa adabu.

Aliyejitoa na kudai barua zake zifutwe ana hoja yenye nguvu kwa upande mmoja na dhaifu kwa upande mwingine. Ana haki kamili ya kukataa zisitangazwe, na kujitoa kwake katika chama hakujapunguza haki hiyo. Akidai kwamba taarifa zake binafsi zifutwe au zisahihishwe, sheria ya mwaka 2022 inampa njia ya kudai hivyo, na mnapaswa kumjibu kwa maandishi. Lakini hakimiliki peke yake haimpi mamlaka ya kumwamuru kila mwanachama afute nakala aliyotumiwa kihalali, na kufuta barua zake kutoka katika hifadhi ya ndani kutaacha majibu ya wenzake yakining'inia bila maswali. Suluhu ninayoipendekeza ni kuzifungia: zisisomwe na mtu yeyote pasipo idhini yake, nambari yake ya simu na mambo yake ya nyumbani yaondolewe katika nakala ya kusomwa, naye aandikiwe hivyo. Wengi wakipewa jibu la namna hiyo huridhika, kwa sababu hofu yao ilikuwa tovuti, si kabati.

Idhini iombwe vipi? Iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka na iseme mambo machache bila kuficha: ni barua zipi, za kuanzia mwaka gani, zitawekwa wapi, nani atazisoma, kama kuna pesa zitakazopatikana, na kwamba mwandishi anabaki na hakimiliki yake huku akikiruhusu chama kuzitumia kwa namna hizo tu. Msiwaombe wahamishe hakimiliki yenyewe kwenda kwa chama; hamuihitaji, na mtu anayesoma neno «nakabidhi haki zangu zote» huwa na sababu nzuri ya kusita. Jibu la barua pepe linatosha, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kama maandishi. Asiyejibu msimhesabu kuwa amekubali. Andikeni tarehe mliyomtafuta na njia mliyoitumia, kisha barua zake zibaki ndani. Tangu leo, fomu ya kujiunga iwe na kifungu kinachoeleza jambo hili, na ujumbe wa kwanza anaotumiwa mwanachama mpya ukirudie, ili mrithi wako katika ofisi hiyo asije akauliza swali hili upya.

Mwandishi ana pia haki ya kutajwa jina, na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa hiyo barua mnazozitangaza zibebe majina ya walioziandika, isipokuwa mwenyewe akiomba vingine, na mhariri wenu akisahihisha tahajia au kukata aya aonyeshe kwamba amekata. Nimeona mikusanyo ambamo mhariri mwenye bidii amewageuza watu wote wakaongea kama yeye.

Na sasa lile ambalo nadhani ndilo mnalolitafuta hasa, yaani vijana wajifunze. Hakimiliki inalinda maneno na mpangilio wake, hailindi ukweli uliomo. Kwamba chanzo cha mwisho cha maji katika njia ya Machame kabla ya kambi ya Barafu kiko Karanga si mali ya mwanachama aliyeliandika hilo wala ya mtu mwingine yeyote. Kwamba mgeni anayeyumba wakati wa kutembea na kusema maneno yasiyoeleweka ashushwe mara moja bila kusubiri asubuhi, hilo pia halina mwenyewe. Mnaweza kuketi watu watatu wenye uzoefu, mkazisoma barua zote, mkatoa humo maarifa ya kila njia, Marangu, Machame, Umbwe, Rongai na Lemosho, mkayathibitisha na kuyaandika upya kwa maneno yenu na kwa mpangilio wenu, bila jina la mgonjwa na bila kunakili masimulizi ya mtu. Kijitabu hicho kitakuwa kazi mpya, na chama kikiwalipa waandishi na kuweka sahihi nao mkataba, kitakuwa na hakimiliki isiyo na mgogoro. Kwa kijana anayejiandaa kupanda, kurasa 80 zilizopangwa vizuri zitamfaa kuliko maelfu ya barua ambazo nusu yake ni salamu na rambirambi. Mkitaka sauti za wenyewe zisikike, chagueni barua 30 au 40 zilizo bora, ombeni idhini kwa hizo tu, na uteuzi na mpangilio wenu nao utalindwa kama mkusanyo, bila kugusa haki ya kila mwandishi juu ya barua yake.

Imebaki kampuni. Ijibuni kwamba mkusanyo hauuzwi, kwa sababu chama hakiwezi kuuza kisicho chake, na msipokee malipo ya awali ya aina yoyote mkisubiri idhini zipatikane, kwani mkishapokea mtakuwa mmeahidi. Kama hamu yao ni maarifa ya mlima, wauzieni kijitabu au wapeni leseni ya kukichapa kwa muda na idadi ya nakala itakayoandikwa kwenye mkataba. Kama hamu yao ni barua zenyewe, zenye majina ya wageni na waajiri ndani yake, waulizeni wanazitakia nini, na jibu lao mlisome mbele ya kamati nzima kabla hamjaendelea na mazungumzo.